Faili ya ISO ya kupewa: ikague kwanza

Swali: Rafiki amenipa ISO ya Debian kwenye flashi. Nitaikaguaje kabla ya kuisakinisha?

Jibu: Pakua SHA256SUMS na SHA256SUMS.sign za toleo hilohilo kutoka tovuti ya Debian, kisha andika `sha256sum --ignore-missing -c SHA256SUMS`. Ikijibu OK, usitosheke. Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint wakawaelekeza watu kwenye ISO iliyopandikizwa mlango wa siri. Aliyeteka tovuti anaweza kubadilisha hata orodha ya hashi. Ndiyo maana nasisitiza `gpg --verify SHA256SUMS.sign SHA256SUMS`, na alama ya ufunguo uilinganishe na ile iliyotangazwa na Debian. Kutazama yaliyomo ni kazi nyepesi: `sudo mount -o loop,ro debian.iso /mnt`, halafu `cat /mnt/.disk/info` itakuonyesha toleo.