Mtazamaji Asikie Anachosikia Kaka

*Mwalimu, ninatengeneza filamu fupi ya dakika 10 kuhusu kijana mwenye skizofrenia, kwa kumfuatisha kaka yangu mkubwa. Anaposikia sauti, nimeweka minong'ono yenye mwangwi, muziki wa kutisha na picha zinazokatwa haraka haraka. Wenzangu walioitazama wamesema ni filamu ya mashetani. Nimeumia. Nirekebishe wapi?*
*Mwanafunzi wa filamu, Morogoro*

Mwanangu, wenzako wamekusaidia. Mwangwi na muziki ule humfanya mtazamaji amwogope kijana, na wewe unataka ahofu pamoja naye. Kuuonyesha ugonjwa kama mashetani si jambo dogo: wapo wagonjwa wanaochelewa kufikishwa hospitali kwa sababu nyumbani imeshasemwa ni majini.

Anza na sauti. Wagonjwa wengi husimulia kwamba huzisikia dhahiri, kana kwamba msemaji yuko chumbani: huwakosoa, huwaamuru, au hujadiliana juu yao nao wakisikia. Basi mrekodi msemaji karibu na maikrofoni, bila mwangwi wowote. Mpe sauti ya jirani au ya mtangazaji wa redio, kisha ichanganye na feni, sufuria inayochemka na daladala zinazopita. Mtazamaji achelewe kujua ipi ni ya kweli, maana kijana naye hajui.

Itafute filamu ya Clean, Shaven ya Lodge Kerrigan, ya mwaka 1993. Humo mivumo ya umeme, mikwaruzo ya redio na sauti za watu humwandama mhusika hata akiwa safarini, nasi tunazisikia pamoja naye.

Kwenye uhariri, picha ikikatika, sauti isikatike. Kijana akitoka jikoni akaonekana kituoni, maneno yale yale yaendelee, kwa kuwa kubadili mahali hakumpumzishi. Katika The Father (2020), Florian Zeller hubadilisha samani na hata waigizaji bila kututahadharisha, tukapotea pamoja na mzee aliyeigizwa na Anthony Hopkins. Wake ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, lakini mbinu inakufaa: mkato mmoja usioelezwa hutikisa kuliko mingi ya kasi.

Wala usizijaze kelele dakika zote 10. Skizofrenia pia humwondolea mtu hamu ya kuzungumza, kuoga na kutoka nje. Weka picha moja ndefu: amekaa kitandani, mama anamwita mara ya tatu, hainuki. Familia nyingi zitajiona hapo.

Sasa nenda kwa kaka. Muombe ruhusa akiwa na nafuu, umweleze ni nani watakaoitazama filamu. Muulize sauti hutokea upande gani na husema kwa ukali au kwa upole. Asipotaka kujibu, usimsukume. Kabla hujamwonyesha mtu mwingine, mwonyeshe yeye. Akikwambia kipande fulani si kweli, kitoe, hata kama ndicho kilichokukeshesha usiku kucha.