Namna ya Kujadili Riwaya ya Msiba Pasipo Kuvunja Baraza

Tangu Jumamosi ile baraza letu la wasomaji hapa Kitendaguro lilipokaribia kufarakana kwa sababu ya Kazimoto, mtu asiyepata kuzaliwa ila kitabuni, wenzangu wa mitaa mingine ya Bukoba wamekuwa wakiniuliza ni kwa hila gani tuliimaliza riwaya ya Kichwamaji tukiwa bado tunaamkiana. Na kwa kuwa jibu lake haliingii katika salamu za njiani, naliandika hapa kwa utaratibu, katika hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni nakala. Habari za mahali, saa na mwenyekiti siziandiki, maana mtu mzima hafundishwi kupanga viti. Riwaya hiyo ya marehemu Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, ilitoka mwaka 1974, nayo ni msiba juu ya msiba: dada hufa, mama humfuata, na Kazimoto mwenyewe, baada ya kusumbuka sana na suala la kuwapo kwa Mungu, huishia kujiua. Sasa muuza vitabu mmoja wa mjini, ambaye jina lake nalisitiri kwa heshima ya wazazi wake, aliwauzia baadhi yetu nakala za kivuli zilizobanwa kwa pini, kwa bei isiyopungua sana ile ya kitabu halisi, akaapa kwamba zimetimia. Kumbe kurasa za mwisho hazimo. Alhasili nusu ya baraza walikuja na habari za mtu aliyejiua, na nusu nyingine habari za mtu mwenye mashaka ambaye, kwa kadiri ya karatasi walizolipia, yu hai na mlango wa toba haujafungwa.

Katekista mstaafu, mwenye nakala pungufu, alinena kwa utulivu kwamba kijana huyu ni Ayubu wa zama zetu na kwamba subira itamfikisha. Mwinjilisti wa Kilutheri, mwenye kitabu kizima, akamkatiza: "Mzee wangu, subira gani tena, naye keshajiua?" Katekista akapekua karatasi zake hadi ya mwisho, akazigeuza, akamtazama mwenzake kama mtu aliyesingiziwa wizi. Tangu hapo maneno yaliiacha riwaya yakaingia katika suala la nani huombewa na nani haombewi, na kanisa gani lilikataa kumzika nani, hata mama mmoja, ambaye kaka yake alizama na meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 na mwili usipatikane, akafunga kitabu chake, akajitanda kanga, akaanza kutafuta ndala.

Hapa ndipo ilipo hatua ya pili, na ndipo penye siri, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu: akamwani. Mwenyeji wetu, bibi Mkatoliki asiyependa makelele nyumbani kwake, alileta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochumwa mbichi, ikachemshwa pamoja na majani ya kunukia, kisha ikaanikwa hata ikakauka na ganda lake. Akasimama mbele ya kila mmoja, na katika Buhaya ni nani atakayeikataa kahawa ya mwenye nyumba naye akahesabiwa kuwa amekuja kwa heri? Kwa muda hapakusikika ila meno. Nikaidaka fursa hiyo nikaweka kanuni, ambayo tumeishika hata leo: atakaye kusema na asome kwanza aya moja kwa sauti, kikapu kizunguke, asijibu mtu kabla hajatafuna akatema ganda, na jibu lianze kwa kumtaja mtu wa kitabuni, wala si kwa "sisi tunaamini". Mwenye hasira hutafuna upesi, lakini kahawa ile ni ngumu na chungu, haimezwi kwa hasira, na ulimi ukishughulishwa nayo, sikio hupata nafasi ya kusikia kilichosomwa.

Mama yule akaketi tena. Alichagua aya ya msiba wa nyumbani kwa Kazimoto, akaisoma polepole, na baada ya kutafuna akasema kwamba yeye haoni mtu aliyemkosa Mungu, bali anaona mtu aliyekosa wa kukaa naye matanga, maana hata waliofika walifika wakamwacha na mawazo yake. Mwinjilisti hakuwa na la kuongeza. Akampa katekista kitabu chake, naye katekista akatusomea kurasa zote alizodhulumiwa na muuza vitabu, na alipomaliza akaomba mwenyewe kikapu kizunguke mara ya pili.

Hatua ya tatu ilihusu kuchagua kitabu kinachofuata, lakini jambo hilo lingali mezani. Katekista anataka Rosa Mistika, ya mwandishi yuyo huyo, ya mwaka 1971, iliyowahi kupigwa marufuku mashuleni. Mwinjilisti amekubali kwa sharti moja, kwamba safari hii kahawa iletwe na Walutheri, maana ile ya Wakatoliki, asema, ilimfanya akubaliane nao kupita kiasi.