Mkalimani ni Sehemu ya Matibabu

Wagonjwa wawili wanaweza kuugua maradhi ya aina moja, wakatibiwa katika kliniki moja, na bado mmoja akapona upesi kuliko mwenzake. Mara nyingi tofauti hiyo haitokani na dawa. Hutokana na kazi isiyotoa ruhusa ya kutoka mchana, basi lisilopita mtaani, kodi ya nyumba iliyomaliza mshahara, na lugha. Kwa familia nyingi za wasemaji wa Kiswahili zinazoishi Marekani, lugha ndiyo kizuizi cha kwanza, nacho ni kizuizi ambacho sheria imekwisha kukitolea ufumbuzi.

Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza taasisi yoyote inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya asili ya taifa lake. Kifungu cha 1557 cha sheria ya huduma za afya ya mwaka 2010 kinaiweka kanuni hiyo wazi kwa hospitali, kliniki na mashirika ya bima yanayopokea fedha hizo. Kwa vitendo, mgonjwa asiyekijua Kiingereza vizuri ana haki ya kupewa mkalimani mwenye ujuzi, kwa simu, kwa video au ana kwa ana, bila kulipa chochote. Haki hiyo haiishii chumbani mwa daktari. Inahusu pia simu ya kuomba miadi, fomu ya ridhaa kabla ya upasuaji, na maelezo ya dawa mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Asiyejua Kiingereza kabisa anaweza kulitaja neno moja tu, "Swahili", na karani wa mapokezi akaelewa. Ni vema ombi litolewe siku miadi inapowekwa.

Katika nyumba nyingi kazi hii huangukia mtoto, kwa kuwa shule imemfundisha Kiingereza haraka kuliko wazazi wake. Nia ni njema, lakini madhara ni makubwa. Mtoto wa miaka kumi na miwili hajui jina la uvimbe wa kizazi katika lugha yoyote kati ya hizo mbili, na mama atasita kueleza kutokwa damu mbele ya mwanawe wa kiume. Habari ikiwa mbaya, mtoto ndiye anayeisikia kwanza, tena ndiye anayetakiwa kuitamka. Kanuni za serikali kuu haziruhusu mtoto kutumiwa kama mkalimani, isipokuwa katika dharura ambayo mkalimani mwenye ujuzi hapatikani kwa wakati huo. Ndugu mtu mzima anaweza kusaidia mgonjwa mwenyewe akitaka, lakini kliniki haina ruhusa ya kumlazimisha mgonjwa aje na mtu wake. Daktari akiomba kuzungumza na mke bila mumewe kuwapo, asidhaniwe kuwa amekosa adabu; huo ni utaratibu wa kawaida kwa wagonjwa wote.

Hata mkalimani akiwapo, Kiswahili kina mitego yake. Neno "mguu" huanzia nyongani hadi vidoleni, na "mkono" huanzia begani hadi kwenye kucha, ilhali Kiingereza kina majina tofauti kwa sehemu hizo. "Tumbo" linaweza kuwa la chakula au la uzazi. Wengi huita homa yoyote "malaria", na daktari wa Marekani akisikia neno hilo hulichukua kwa maana yake halisi. Mgonjwa na aguse mahali panapouma kwa kidole, aeleze maumivu yalianza lini na yanazidi wakati gani, na jina la ugonjwa amwachie daktari.

Saa nazo zimewakosesha wengi miadi. Miadi ya saa 9:00 kwa hesabu ya Kiingereza ni saa tatu asubuhi. Anayesikia "saa tisa" akafika alasiri huandikwa kuwa hakuja, na baadhi ya kliniki huacha kumpangia miadi anayekosa mara kadhaa. Tarehe pia huandikwa kwa kuanza na mwezi: 4/7 ni tarehe 7 Aprili, si tarehe 4 Julai. Ni salama kumwomba karani aandike jina la mwezi kwa herufi, pamoja na saa katika tarakimu.

Kiswahili cha Unguja si cha Bukavu, wala cha Bukavu si cha Lubumbashi. Mgonjwa asipomwelewa mkalimani, aseme palepale na kuomba mwingine; kuitikia "ndiyo" kwa heshima kumewafanya watu wanywe dawa isivyo. Mzee ambaye lugha yake ya kwanza ni Kibembe, Kirundi au Kizigua anaweza kuomba mkalimani wa lugha hiyo. Anayeogopa kwamba mkalimani ni mtu wa jamii yake ataomba wa simu, ambaye huenda yuko jimbo jingine. Mkalimani, kama daktari, amefungwa na wajibu wa kutunza siri.

Kliniki ikikataa kutoa mkalimani, mgonjwa aombe kuonana na msimamizi au ofisi ya haki za wagonjwa, na aandike tarehe, mahali na jina la aliyekataa. Isiposaidia, malalamiko hupelekwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Afya na Huduma za Jamii ndani ya siku 180 tangu tukio kutokea. Ofisi hiyo nayo hutoa mkalimani bila malipo.