Zaka, riba na hesabu ya asilimia

Nafundisha dini hapa Makanya. Juzi niliwauliza watoto: mfanyabiashara wa jasi ana mali ya biashara ya shilingi 40,000,000, imefika nisabu na kupitiwa na mwaka, zaka yake, asilimia 2.5, ni ngapi? Mmoja, tena hodari wa hesabu shuleni, akajibu 16,000,000. Kumbe kagawanya kwa 2.5! Nikamwambia: tafuta kwanza asilimia 10, yaani 4,000,000, kisha chukua robo yake. Akapata 1,000,000.

Siku ya pili akaniletea hesabu yake mwenyewe. Mama yake kakopa mtaani shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kila mwezi. Kwa miezi 6, riba peke yake 120,000. Akaniuliza: "Ustadhi, mama anajua?"