Kiini Kipya, Diski ya Zamani: Kwa Nini Mafaili Hukataa Kufunguka

Utangulizi

Chukua mfano wa shule ya sekondari inayotunza alama za wanafunzi za miaka 4 katika diski moja ya kompyuta inayoendeshwa na mfumo wa Linux. Jioni moja mwalimu anayeisimamia kompyuta hiyo anaweka toleo jipya la kiini cha mfumo. Asubuhi yake diski ya alama haifunguki. Kioo kinaonyesha maneno "unknown filesystem type", yaani, aina ya mfumo wa mafaili haijulikani. Mwanafunzi mmoja anashauri diski ichomekwe katika kompyuta ya Windows. Huko nako kompyuta haiitambui diski, bali inaomba ruhusa ya kuifomati. Ruhusa hiyo ikitolewa, faharasa ya zamani itaandikwa juu yake faharasa mpya tupu, na alama za miaka 4 huenda zikapotea.

Somo hili lakusudia kuonyesha kwamba katika hali kama hii diski mara nyingi ni nzima. Kilichobadilika ni msomaji wake.

Kupachika ni nini?

Diski yenyewe haijui faili. Huhifadhi tarakimu 0 na 1 katika vipande vya ukubwa sawa, kwa kawaida baiti 512 au 4,096. Mfumo wa mafaili ndio utaratibu unaoeleza ni vipande vipi vinavyofanya faili moja, jina lake ni nini, na liliandikwa lini. Maelezo ya msingi ya utaratibu huo hukaa katika bloku kuu. Katika mifumo ya ext2, ext3 na ext4, bloku hiyo huanza baiti 1,024 kutoka mwanzo wa sehemu ya diski. Katika ReiserFS kwa kawaida huwa baiti 65,536 kutoka mwanzo.

Kiini ni programu ya msingi inayosimamia vyombo vyote vya kompyuta. Kinapopata bloku kuu inayofahamika kwa moja ya moduli zake, huyaunganisha mafaili ya diski na mti wa saraka, ili mtumiaji aweze kuyafikia. Tendo hilo huitwa kupachika. Moduli isipokuwapo, kupachika hushindikana. Ni sawa na barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu: asiyezijua hati hizo hawezi kuisoma, lakini barua haijapoteza hata neno moja.

Sababu nne za kawaida

(1) Moduli haikutiwa katika mfumo mdogo wa kuanzia. Kompyuta nyingi za Linux huanza kwa mfumo mdogo wa muda unaopakiwa katika kumbukumbu, nao ndio hutafuta diski kuu. Ukikosa moduli ya diski au ya mfumo wa mafaili, kompyuta husimama kabla ya kuwaka kikamilifu.

(2) Moduli hutoka nje ya kiini. Kwa mfano, OpenZFS haimo katika kiini cha Linux, hivyo moduli zake hazina budi kulingana na kila kiini kipya.

(3) Jina la diski limebadilika. Katika miaka ya 2006 na 2007 kompyuta nyingi zilihamia moduli mpya za diski za IDE, na diski iliyoitwa hda ikawa sda. Orodha ya kupachika iliyotaja jina la zamani haikuweza kuipata. Kwa sababu hiyo yafaa orodha itumie namba ya utambulisho iliyoandikwa ndani ya mfumo wa mafaili wenyewe.

(4) Moduli imeondolewa. ReiserFS iliingizwa katika Linux 2.4.1 mwaka 2001. Mwaka 2022, katika toleo 5.18, ilitangazwa kuwa imo mbioni kuondolewa, kwa kuwa watumiaji na watunzaji wake walikuwa wamepungua mno. Iliondolewa katika toleo 6.13 la Januari 2025. Kinyume chake, moduli ya ext3 ilipoondolewa mwaka 2015 katika toleo 4.3, hapakuwa na hasara, kwa maana moduli ya ext4 huisoma ext3 vilevile.

Hatua za uchunguzi

Kanuni ya kwanza ni hii: soma kabla ya kuandika. Diski isifomatiwe, wala programu ya kurekebisha isiendeshwe, mpaka sababu ijulikane.

1. Amri uname -r hutaja toleo la kiini kinachotumika.
2. Amri lsblk -f huonyesha diski zilizopo na aina ya mfumo wa kila moja. Aina ikitajwa, bloku kuu ingali ikisomeka.
3. Amri cat /proc/filesystems huorodhesha mifumo ambayo kiini kinaifahamu kwa wakati huo. Moduli ambayo haijapakiwa haitaonekana. Yafaa kwanza ijaribiwe kwa modprobe.
4. Amri dmesg huonyesha malalamiko ya kiini. Makosa ya kusoma diski yakionekana humo, chombo chenyewe huenda kinakufa.
5. Kompyuta iwashwe kwa kiini cha zamani, ambacho mifumo mingi hukibakiza katika orodha ya kuwashia. Diski ikifunguka, kosa limo katika kiini kipya.

Ikiwa moduli imeondolewa, mafaili yanakiliwe kwa kiini cha zamani hadi diski nyingine yenye mfumo unaotunzwa, kama vile ext4. Kiini cha zamani kisifanywe makao ya kudumu, kwani hatimaye huacha kupata marekebisho ya usalama. Yafaa pia ikumbukwe kuwa baadhi ya mifumo hukamilisha maandishi ya shajara yake hata inapopachikwa kwa kusoma tu. Hivyo ni salama zaidi kunakili diski nzima kwanza, kisha kufanya kazi juu ya nakala.

Jaribio la darasani

Kwa ruhusa ya msimamizi wa kompyuta, tengeneza faili la megabaiti 64, ulipe mfumo wa ext4, ulipachike, uandike humo sentensi moja, kisha ulipachue:

dd if=/dev/zero of=jaribio.img bs=1M count=64
mkfs.ext4 jaribio.img
mount -o loop jaribio.img /mnt

Sasa pata namba ya uhakiki kwa sha256sum jaribio.img. Jaribu kulipachika kwa aina isiyo yake: mount -t vfat -o loop,ro jaribio.img /mnt. Amri itakataa. Pata tena namba ya uhakiki, uilinganishe na ya kwanza. Mwisho lipachike kwa aina yake ya ext4, usome sentensi yako.

Maswali

1. Namba mbili za uhakiki zinathibitisha nini?
2. Kwa nini lsblk -f huweza kutaja mfumo ambao kiini hakiwezi kuupachika?
3. Mwalimu wa mfano wetu afanye nini kwanza, na asifanye nini kamwe?