Kitabu kinachofundisha kufikiri, nacho kipimwe

Shabaha ya somo: kuchunguza ni nani anaonekana katika vitabu vyetu vya mafunzo, na anaonekana namna gani.



Huko Kilembwe, katika sekta ya Lulenge, tulifundisha vijana kupima uvumi kabla ya kuuamini. Tulitumia hadithi ya picha. Ng'ombe wamepotea, Rukundo anatangaza kwamba wameibiwa na kijiji cha jirani, Asukulu anauliza: «Nani aliona? Lini? Wapi?» Kijana mmoja akanyosha mkono: «Mbona mwenye kusema uongo ana jina la kwetu, na mwenye akili ana jina la wale?»

Tulinyamaza. Kwetu Fizi, mara nyingi jina linatosha kutambulisha kabila. Tulipofungua kitabu tena, tuliona kwamba kila mara mwenye ng'ombe anakosa na mwenye jembe anaonya. Wabuyu, Wanyindu, Wafuliiru na Batwa hawakuwemo. Wanawake walikuwa wanapika tu. Kijana yule alifanya kile tulichokuja kumfundisha. Sisi ndio tulikuwa hatujakifanya.

Wengine walikutana na shida hii kabla yetu. Mwaka 2004, shirika la Uholanzi Radio La Benevolencija lilianzisha Rwanda mchezo wa redio uitwao Musekeweya. Mchezo haukutaja Wahutu wala Watutsi. Ulisimulia vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro. Hivyo msikilizaji anaweza kutazama kosa bila kukimbilia kwanza kutetea watu wake. Lakini njia hiyo ina mpaka: mtu asiyetajwa anaweza kudhani kwamba somo halimhusu.

Kwa hiyo sasa tunasoma hadithi ileile mara mbili, majina yakibadilishana. Mara ya kwanza Rukundo anatangaza. Mara ya pili ni Asukulu. Wanaocheka mara ya kwanza na kukasirika mara ya pili wanajiuliza wenyewe kwa nini.

Maswali ya kikundi
1. Katika kitabu chetu, nani yupo na nani hayupo?
2. Nani anakosa, na nani anatoa shauri ao kuamua?
3. Tukibadilisha majina, tutaamini hadithi vilevile?

Uvumi juu ya ng'ombe unaweza kuchoma kijiji. Mwalimu, chukua kitabu chako leo, ukipime kwa maswali haya matatu mbele ya wanafunzi wako, nao wakusaidie.