MADA YA 3: KAZI YAKO IKO WAPI?

Katika mada iliyopita umejifunza vifaa vya kuingiza na kutoa data. Sasa jibu swali dogo ambalo wanafunzi wangu wengi hulikosa: ukiwa unachapa barua kwenye kompyuta, maneno unayoyaona yako wapi?

Usijibu "kwenye skrini". Skrini inaonyesha tu. Maneno yako kwenye kumbukumbu ya muda, yaani RAM, ambayo ina kasi kubwa lakini hushika data pale tu umeme unapokuwepo. Hifadhi ya kudumu, kama diski ya kompyuta au flashi, hubaki na data hata kompyuta ikizimwa. Kuhifadhi, au kusevu kama tunavyosema, ni kunakili kazi kutoka RAM kwenda kwenye hifadhi ya kudumu.

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Handeni nilichapa mtihani wa muhula kwa saa mbili bila kuhifadhi. Kompyuta ilikuwa ya mezani, haina betri. Umeme ulikatika nikiwa swali la mwisho, na uliporudi sikukuta hata neno moja. Nilichapa upya usiku kucha. Siku hizi nafungua ukurasa, naupa jina, nahifadhi, ndipo naanza kuandika. Kisha kila baada ya aya nabonyeza Ctrl na S kwa pamoja.

Lipe faili jina linaloeleweka, na ujue umeliweka folda gani. Faili usiloweza kulipata halina tofauti kubwa na lililopotea.

Fomu za mtandaoni

Hapa ndipo watu huumia. Baada ya matokeo ya Kidato cha Nne, TAMISEMI hufungua mfumo wa Selform kwa muda maalumu ili wahitimu wabadilishe tahasusi au vyuo. Mwanafunzi anatoka Mkata au Magoma, anafika steshenari ya mjini Handeni au Korogwe, anamwachia mhudumu kila kitu na kurudi nyumbani akijua mambo yamekwisha.

Elewa kinachotokea. Ukijaza fomu kwenye kivinjari, kwa kawaida ulichojaza kiko kwenye kompyuta iliyo mbele yako tu. Hufika kwenye seva, yaani kompyuta ya wenye mfumo, pale unapobonyeza kitufe cha kutuma na mtandao ukakubali. Mtandao ukikatika katikati, unaweza kuona CBG uliyoichagua pale kwenye skrini ilhali seva bado ina HGL ya zamani. Kwa hiyo usitosheke na kuona. Toka kwenye akaunti, ingia upya, uangalie tena. Unachokiona sasa kimesomwa kutoka kwenye seva, na huo ndio ushahidi. Mwambie mhudumu kwa adabu, "Kaka, naomba tuingie tena tuhakikishe." Hatachukia, na akichukia ni shauri lake, tahasusi ni yako.

Lipo pia jambo la kinyume: vitu unavyotaka viondoke hubaki. Kivinjari kikiuliza kama kiikumbuke nywila yako, kataa, kwa sababu kitaiandika kwenye hifadhi ya kudumu ya kompyuta isiyo yako. Nakala ya cheti uliyoskani hubaki pia. Ukiifuta huenda kwanza kwenye pipa la taka, nalo linafunguliwa na yeyote, lisafishe.

Swali la mfano

Mwanafunzi alianza kuchapa saa 3:00 asubuhi, akahifadhi saa 3:40, umeme ukakatika saa 4:05. Kompyuta haina betri wala programu ya kuhifadhi yenyewe. Amepoteza nini, na kwa nini?

*Jibu:* Amepoteza kazi ya dakika 25, ya kuanzia saa 3:40 hadi 4:05, kwa sababu ilikuwa kwenye RAM tu. Kazi ya kabla ya hapo ipo kwenye diski.

Ukiandika "amepoteza kazi yote" hupati alama.

Zoezi

1. Eleza tofauti ya RAM na diski kwa hoja mbili.
2. Mwenzako amejaza Selform kwa simu, chaji ikaisha kabla hajatuma. Akiwasha simu nyingine na kuingia kwenye akaunti yake, ataona machaguo yapi? Toa sababu.
3. Taja vitu vitatu utakavyofanya kabla ya kuondoka kwenye kompyuta ya steshenari.